Hatukuuliza Kama Ni Mpelelezi

Novemba 1978 mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja baada ya vita. Siku za mwisho za Oktoba majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakashika ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, yakalilipua daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba eneo lile limekuwa sehemu ya Uganda. Sisi wa Muleba vita vilitufikia kwanza kwa Redio Tanzania, kisha kwa wakimbizi. Walikuja kwa barabara ya Bukoba kupitia Kemondo na Muhutwe, wengine wakakata njia za migombani, wamebeba magodoro, vyerehani na watoto. Walisimulia ndugu waliopigwa risasi uani kwao, wanawake waliopakiwa kwenye malori ya jeshi, mifugo iliyoswagwa kuelekea Masaka, na kiwanda cha sukari kilichobebwa mashine kwa mashine.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, karani wa mizani katika ghala la kahawa la kijiji kimoja upande wa Kamachumu. Jina la kijiji naliacha, kwa sababu watoto na wajukuu wa waliohusika wanaishi pale mpaka leo. Vyama vya ushirika vilikuwa vimevunjwa na serikali mwaka 1976, lakini ghala lilibaki palepale na mizani yake, na ufunguo ulikuwa kwangu. Ndiyo sababu usiku ule nilikuwepo.

Kabla sijafika kwenye usiku wenyewe, lazima nieleze tulichokuwa tunakijua, maana hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba hakujua mateso ni kitu gani.

Uganda kwetu haikuwa nchi ya mbali. Baba zetu walikwenda Buganda kulima mashamba ya watu na kutafuta fedha ya kodi. Wengine walioa huko, wengine walizikwa huko. Amin alipotwaa madaraka Januari 25, 1971, wakimbizi walianza kuingia Bukoba, na hadithi zao ziliingia nao. Septemba 1972, baada ya wapinzani wake kuvuka mpaka kutoka kwetu na kushindwa, ndege zake zilidondosha mabomu Bukoba na Mwanza. Mwezi huohuo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa na askari kutoka Mahakama Kuu ya Kampala, na hakuonekana tena. Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana walimwandikia Amin barua ya kupinga mauaji na unyanyasaji. Siku chache baadaye Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Sikumbuki mtu hata mmoja, Mkristo, Mwislamu au mpagani, aliyeamini habari ile.

Kijijini kwetu tulikuwa na ushahidi wa karibu zaidi. Alikuwapo fundi cherehani mmoja, Mganda, aliyekuja mwaka 1973 baada ya kutoka katika gereza la kijeshi la Makindye. Alishona kwenye baraza ya duka la mzee Mwislamu tuliyemwita Alhaji. Mkono wake wa kushoto haukuwa na nguvu ya kubana kitambaa. Alikibana kwa kiwiko, akikisukuma chini ya sindano kwa ubavu wa kiganja. Wateja wapya wakidhani ni ugonjwa wa utotoni, yeye hakuwasahihisha. Mama yangu ndiye aliyeniambia ukweli: alifungwa viwiko kwa nyuma mpaka vikagusana, akaachwa hivyo tangu jioni hadi asubuhi, na mishipa ya mkono haikupona tena.

Basi ungeweza kudhani tulijiona watu wema, tuliojaliwa kuzaliwa upande wa pili wa mpaka. Lakini Januari 1977 redio ilikuwa imetupa habari nyingine. Mwaka uliotangulia, katika msako wa kukomesha mauaji mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vyetu wenyewe vya usalama vilikamata mamia ya watu, vikawatesa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa vyombo hivyo. Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa mkono wake haukumgusa mtu. Peter Siyovelwa, waziri katika Ofisi ya Rais, naye aliondoka, na wakuu wa mikoa ile miwili pia. Baadaye baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani na kufungwa.

Nakumbuka mjadala uliozuka jioni ile kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti: "Wauaji wakiteswa, kuna ubaya gani?" Wengi waliitikia kwa vichwa. Mwalimu wa shule yetu ya msingi, aliyekuwa amekaa kwenye kigogo na redio mapajani, alimjibu: "Mzee wangu, unajuaje kwamba walikuwa wauaji? Kwa sababu walikiri? Na walikiri wakiwa katika hali gani?" Mzee hakujibu, na mazungumzo yakahamia bei ya kahawa.

Mwalimu huyu alikuwa mtu wa pekee kwetu. Katika kijiji ambacho kila nyumba ilikuwa na rozari, Biblia ya Kihaya au msala, yeye hakuwa na dini, na hakuificha hali hiyo. Alibatizwa utotoni, akasoma, akaacha. Watu walimwita mpagani, wengine kwa utani, wengine kwa hofu. Katekista wetu wa Kikatoliki alimwombea kila Jumapili kwa kumtaja jina, na Mwalimu alijua.

Usiku ninaousimulia ulikuwa wa mvua. Yalikuwa majira ya senene, wale panzi tunaowala, na kwa kawaida mwezi kama ule kila uwanja ungekuwa na karabai inayowaka na watoto wanaokimbizana. Mwaka ule tuliambiwa tusiwashe taa nje. Mgambo walinigongea, wakaniambia nilete ufunguo wa ghala kwa kuwa ofisi ya kijiji inavuja. Nilipofungua walimwingiza mtu, mwanamume wa makamo, amelowa, hana viatu. Wakaziba madirisha kwa magunia, wakawasha karabai ndani. Senene walipenya kwenye matundu ya juu ya ukuta, wakawa wanadondoka juu ya kahawa.

Mtu yule alikuwa amekutwa njiani jioni. Hakuwa na kadi ya chama. Alisema Kiganda, na mfukoni alikuwa na noti za Uganda. Alisema: "Mimi mtu wa Minziro, waitu. Nimekimbia kama wenzangu." Kila aliyewahi kufika Minziro, kule mpakani, anajua kwamba watu wa kule husema lugha inayofanana na Kiganda na kwamba fedha ya Uganda ilizunguka kwenye magulio yao. Lakini Novemba ile hakuna aliyetaka kuyakumbuka hayo. Wapelelezi wa Amin walikuwa wanazungumzwa kila mahali.

Kamanda wa mgambo sitamtaja jina, na sitaki msomaji amwone kama mnyama. Dada yake aliolewa Kyaka, na tangu Amin aingie hakukuwa na habari zake. Alikuwa hajalala kwa siku kadhaa. Alikuwa mtu wa heshima aliyemsaidia mama yangu kuezeka nyumba. Niliona kwa macho yangu namna mtu wa aina hiyo anavyofika pale.

Walimfunga viwiko kwa nyuma kwa kamba ya katani, wakamwegemeza kwenye nguzo. Kamba ya katani ikilowa hukaza yenyewe, na ile ilikuwa imelowa. Wakampiga nyayo. Swali lilikuwa moja: "Wenzako ni akina nani?" Alisema hana wenzake. Wakarudia. Alisema yuko peke yake, mkewe amempoteza kwenye kivuko. Wakarudia. Kisha niliona kitu kikibadilika usoni mwake, akaanza kutafuta jibu ambalo lingewaridhisha. Akasema: "Yule mwenye duka. Mwenye kofia."

Alikuwa anamsema Alhaji. Mchana ule Alhaji alimpa maji na kipande cha mkate bila kumtoza fedha. Katika kijiji chote hakuwa amemjua mtu mwingine. Maumivu yalipomtaka jina, alitoa jina pekee alilokuwa nalo, la mtu aliyemtendea wema.

Niliambiwa niende nyumbani, nikatoka. Nyumba ya Mwalimu ndiyo ilikuwa karibu. Alinisikiliza akiwa amesimama, akavaa koti, akasema: "Nenda kamwite katekista. Kisha mwinjilisti wa Kilutheri. Mimi nitampitia Alhaji. Nikienda peke yangu watasema mpagani anatetea maadui. Akienda katekista peke yake watasema ni huruma ya kanisa. Twende wote."

Wakaja wote. Katekista alikuja na mwavuli uliovunjika mbavu, mwinjilisti amejifunika gunia. Mama yangu, aliyenisikia nikipita, alitufuata bila kuitwa.

Mengi yaliyosemwa ndani ya ghala nayakumbuka, maana nimeyarudia kichwani maisha yangu yote. Katekista ndiye aliyeanza. Alimwita kamanda "mwanangu", kwa kuwa alimfundisha katekisimu. Alimwambia kwamba Bwana wao naye alikamatwa usiku, akafungwa, akapigwa na walinzi kabla ya kesi yoyote, na kwamba haiwezekani mtu apige magoti mbele ya msalaba Ijumaa Kuu halafu afanye kazi ya wale walinzi Novemba. Alikuwa mtu wa Bukongo, alikozaliwa Kardinali Laurean Rugambwa, na alikuwa na fahari ya kukumbusha kwamba Rugambwa alikaa katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Alisema mtaguso ule, mwaka 1965, uliyataja mateso ya mwili na ya akili miongoni mwa aibu zinazomchafua anayetenda kuliko anayetendewa.

Mwinjilisti alisema machache. Mwaka uliotangulia, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam na kumchagua askofu wetu wa Bukoba, Josiah Kibira, kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza. Mkutano ule ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la imani yenyewe, wala si siasa ambayo Mkristo anaweza kuichukua au kuiacha. Mwinjilisti alisema: "Kama ni imani kwa mtu wa Johannesburg, ni imani kwa huyu pia."

Alhaji alikuwa bado hajaambiwa kwamba ametajwa. Alisimulia habari ya sahaba Hisham bin Hakim, aliyepita nchi ya Sham akawakuta wakulima wamesimamishwa juani kwa sababu ya kodi. Akauliza, akaambiwa, ndipo akawaeleza wakubwa wa pale kwamba alimsikia Mtume akisema kuwa Mwenyezi Mungu atawaadhibu wanaowatesa watu duniani. Akaingia kwa gavana, akamweleza, na gavana akaamuru watu wale waachiwe. Alhaji akaongeza: "Wale hawakuwa Waislamu. Na Hisham hakuuliza kama kodi wanadaiwa kweli."

Kamanda alisikiliza yote. Kisha akasema jambo ambalo wengi wetu tulikuwa nalo moyoni: "Wazee wangu, mnasema vizuri. Lakini kama ni mpelelezi kweli? Kesho ndege zikija hapa, mtawaambia nini akina mama?"

Hapo Mwalimu, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akauliza: "Amekutajia nani?"

Kamanda akasita, akasema: "Amemtaja Alhaji."

Ghala lote likanyamaza. Mwalimu akasema: "Vizuri. Alhaji huyu hapa. Mfunge kwa kamba hiyohiyo. Kabla hakujakucha atakutajia katekista. Katekista atakutajia mimi. Ukimaliza kijiji chote utakuwa na wapelelezi wengi, na mpelelezi wa kweli, kama yupo, atakuwa amelala zake." Akaendelea kwa sauti ya kawaida, kama anayefundisha darasani: "Mimi sina msahafu wa kukusomea. Nina ahadi moja tuliyoapa wote tulipochukua kadi ya TANU, na ndiyo ya kwanza: kwamba binadamu wote ni ndugu. Haikuweka kando wanaosema Kiganda. Haikuweka kando hata watu wa Amin. Sisi hatukuja kukuambia huyu hana hatia. Hatujui. Kama ana hatia, apelekwe kwa wanaojua kuuliza, mchana, mbele ya sheria. Lakini kamba hiyo itafunguliwa sasa."

Kamanda hakusema ndiyo wala hapana. Alikaa juu ya gunia, akainamisha kichwa. Wenzake walimtazama, na wakati wanamtazama, fundi cherehani akaingia. Sijui nani alimwambia. Hakutoa hotuba wala hakumwangalia mtu usoni. Alipita katikati yetu, akapiga goti nyuma ya nguzo, akaanza kufungua fundo kwa mkono wake wa kulia na kwa meno. Kamba ilipolegea, mmoja wa vijana alitaka kumnyanyua mtu yule mikono, fundi akamzuia: "Polepole. Usiirudishe mbele ghafla, utamuumiza zaidi. Ishikilie hivi, damu irudi yenyewe." Akaishikilia mikono ile kwa muda mrefu, akiisugua kuanzia bega kushuka chini, akizungumza naye Kiganda kwa sauti ambayo hatukuisikia.

Mama alikuwa amekuja na amwani, zile kahawa za kutafuna tunazompa mgeni. Vidole vya mtu yule havikuweza kushika, kwa hiyo Mama alimtilia mdomoni, moja, kisha nyingine. Mgambo wote walikuwa Wahaya. Walijua maana ya jambo lile. Mtu aliyepewa amwani ni mgeni wa nyumba, na mgeni hapigwi.

Asubuhi walimpakia kwenye lori la kahawa hadi polisi Muleba. Wazee wote wanne walikwenda naye, na kamanda pia. Katekista alinisimulia kwamba hawakuondoka kituoni mpaka askari alipoandika kwenye kitabu hali ya mwili wa mtu yule alipopokelewa, pamoja na majina yao wanne kama mashahidi. Tangu hapo sikusikia habari zake. Sijui kama alikuwa mkimbizi wa Minziro au mpelelezi wa Amin. Watu ninaowasimulia huniuliza swali hilo kwanza. Ninawajibu kwamba wazee wale hawakulingoja jibu lake, na walifanya vizuri kutolingoja. Kama wajibu wa kuyapinga mateso ungetegemea kutokuwa na hatia kwa anayeteswa, basi usingemsaidia mtu yeyote, kwa kuwa usiku kama ule hakuna anayejua.

Jeshi letu lilimtoa Amin Kagera, likavuka mpaka. Februari 1979 liliingia Masaka, na majengo mengi ya mji yakalipuliwa kwa kisasi cha yale yaliyotendwa kwetu. Wapo waliolisimulia hilo Bukoba kwa majigambo, na fundi wetu, ambaye alizaliwa upande ule, aliwasikiliza huku akishona. Aprili 11 Kampala ikaanguka. Katika makao ya kikosi cha usalama cha Amin pale Nakasero zilikutwa maiti, na watu wachache waliokuwa bado hai. Kamanda wetu alikuwa miongoni mwa mgambo waliokwenda vitani. Alirudi mzima. Sikuwahi kumsikia akizungumzia Nakasero wala ghala letu, na mimi sikumwuliza. Dada yake hakupatikana.

Baadaye nilifanya kazi ya ukarani wa mahakama kwa miaka mingi, na huko nilikutana na swali la ghala mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Sheria ya Ushahidi ya 1967 haikukubali mahakamani maungamo ambayo mtuhumiwa aliyatoa kwa polisi. Mwaka 1980 ilibadilishwa: yakaruhusiwa, mradi yametolewa kwa hiari. Tangu hapo hiari ndiyo ikawa vita yenyewe. Mshtakiwa anasimama, anasema nilipigwa nikasaini, hakimu anaendesha kesi ndani ya kesi, askari anakana, mshtakiwa anavua shati. Nimeandika kumbukumbu za mashati mengi yaliyovuliwa. Nimeona mahakimu walioshuka kizimbani kuangalia makovu kwa karibu, na nimeona waliotazama saa.

Tangazo la Haki liliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na Ibara ya 13 inapiga marufuku kumtesa mtu au kumpa adhabu ya kumtweza. Desemba 10 mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa kupinga mateso, unaosema kwamba hakuna hali yoyote, iwe vita au dharura, inayohalalisha mateso. Uganda ilijiunga mwaka 1986, Burundi 1993, Kenya 1997, Rwanda 2008. Majirani zetu, ambao damu yao tuliiona, wamejiunga. Tanzania, iliyopigana kumwondoa Amin, haijajiunga, na hilo linaniuma.

Wala tusidhani mambo haya yaliisha na kizazi changu. Mwaka 2013 Operesheni Tokomeza, iliyoanzishwa kuwakomesha majangili wa tembo, ilisimamishwa baada ya wabunge kueleza watu walivyoteswa, kudhalilishwa na kufa. Kamati ya Bunge chini ya James Lembeli ilichunguza, na Desemba mwaka ule mawaziri wanne waliondoka. Mmoja wao, Khamis Kagasheki, alikuwa mbunge wa Bukoba Mjini, mtu wa kwetu. Kuwajibika kwa waziri ni jambo jema. Lilikuwa jema mwaka 1977, lilikuwa jema 2013. Lakini waziri huondoka wakati aliyepigwa amekwisha kuzikwa. Anayehitajika ni yule anayefika kabla.

Nimekuwa Mkatoliki tangu nizaliwe na nitakufa hivyo, kwa hiyo naanza na wenzangu wenye dini. Tusijidanganye kwamba imani yenyewe ni kinga. Mwaka 1252 Papa Inosenti wa Nne aliruhusu kuteswa kwa walioshukiwa uzushi ili wakiri, na wapo watawala wa Kiislamu waliotesa huku wakiswali sala tano. Amin mwenyewe alijiita mcha Mungu. Nanyi msio na dini, historia haikuwaacha salama: nchi ya Stalin ilimkana Mungu na ikajaza vyumba vya mateso. Hakuna kati yetu anayeweza kumnyooshea mwenzake kidole. Katekista alisimamia msalaba, mwinjilisti tamko la kanisa lake, Alhaji hadithi ya Mtume, na Mwalimu alisimamia utu tu, bila kutarajia thawabu ya mbinguni wala kuogopa moto. Walitoka kwenye milango minne tofauti usiku wa mvua wakakutana mbele ya kamba moja. Yeyote anayesema kwamba bila Mungu mtu hana sababu ya kukataa ukatili, hakumjua Mwalimu. Na yeyote anayesema kwamba dini ni chanzo cha ukatili tu, hakumjua katekista.

Wajibu huu una kazi za kawaida, za kila siku. Ni kumwuliza mtendaji wa kata kwa nini kijana yule amelala ofisini kwake siku tatu. Ni kwenda polisi mkiwa wengi, kuomba kumwona mtu, na kutaka hali yake iandikwe. Ni kumpeleka aliyepigwa hospitali akiwa na fomu yake ya polisi, PF3, kabla majeraha hayajafifia. Ni kukataa kupiga makofi umati unapomzunguka anayedaiwa kuwa mwizi, au bibi kizee anayedaiwa kuwa mchawi, maana mateso ya ofisini yana mizizi katika makofi yetu ya barabarani. Ni padri kuuhubiri, sheikh kuutia katika khutba, mwalimu kuufundisha. Na ni kuitaka serikali yetu ijiunge na Mkataba ule. Waswahili wamesema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kazi yetu ni kuuhisi uchungu ule ukiwa bado uko kwa mwingine, hata kama mwingine huyo ni adui.

Wale wanne wamekwisha kufariki. Katekista na mwinjilisti wamezikwa migombani kwao, kila mmoja kwa ibada ya kanisa lake. Alhaji alizikwa siku ileile aliyofariki. Mwalimu alifuata mwisho, na kwa mapenzi yake hakukuwa na ibada. Aliyetoa neno kaburini alikuwa mtoto wa katekista. Kazi waliyoifanya haikuhitaji elimu kubwa wala cheo. Nawe unaweza kuifanya. Ukisikia kwamba mtu amefungiwa mahali na anapigwa, usianze kwa kuuliza amefanya nini. Mtafute jirani ambaye hamsali pamoja, mwende wote wawili, na msiondoke mpaka mmemwona.